Kipande cha Namba Sita

Mimi gofu siipendi, na nalisema hilo mapema ili nisije nikasingiziwa. Mtu mzima aache kitanda chake Jumamosi, avae viatu vyenye meno, apige kimpira kiende mbali, kisha akifuate kwa miguu yake mwenyewe ili akipige tena! Kwangu mimi huyo ni wa kuombewa. Lakini dada yangu amekula, amevaa na amesomesha watoto wawili kwa kutoboa ardhi ya wacheza gofu, kwa hiyo nikifika kwenye geti la ile klabu huufunga mdomo wangu. Nikishatoka naufungua.

Dada ni mkata mashimo. Watu hudhani shimo la gofu lipo tu, kama kisima. Halipo tu. Kila siku, kabla uwanja haujafunguliwa, kila shimo huhamishwa hatua kadhaa kutoka lilipokuwa jana, ili miguu ya watu isiue majani mahali pamoja, na ili wachezaji wasilikariri. Anayelihamisha ni dada. Ana bomba fupi la chuma lenye makali chini na mpini juu. Hulisimamisha kwenye grini, yaani ile sehemu ya majani mafupi kama zulia, akalikandamiza, akalizungusha, akalitoa na kipande cha udongo chenye majani yake kichwani, kinene kama kopo la maziwa. Hapo shimo jipya limepatikana. Kisha huchomoa kikombe cha chuma kutoka shimo la jana, akakipachika kwenye shimo la leo, akasimika bendera. Na kile kipande cha udongo hukipeleka kuziba shimo la jana, akakikanyaga, akakimwagia maji, akaenda zake. Ukifika dakika tano baadaye huwezi kuonyesha shimo la jana lilikuwa wapi.

Mashimo tisa, siku sita kwa wiki, miaka kumi na tisa. Klabu nzima humwita Mama Mashimo, na jina hilo analipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wetu.

Aliingia pale akiwa na miaka ishirini na tano, mjane, na watoto wawili ambao hata kufunga kamba za viatu walikuwa hawajui. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na lori ndilo lililomchukua. Klabu ilimpa kazi ya kung'oa magugu. Miaka sita alitambaa kwenye zile grini kwa magoti, kisu kidogo mkononi, mpaka leo magoti yake yanalia akipanda ngazi tatu. Mkata mashimo wa wakati ule alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Fundi Kimya, kwa sababu siku akisema maneno kumi ilikuwa siku ya hotuba. Siku moja alimsimamisha dada, akamwaga kikombe cha maji juu ya majani, akamwonyesha kwa kidole yanakoelekea. Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo. Dada akaanza kumwaga maji kila mahali, hata sakafuni kwangu, nikamfukuza na ufagio.

Fundi Kimya alipostaafu, wanaume wanne walilitaka lile bomba. Mzee akapita mbele yao, akamkabidhi dada. Wakanuna, wakasema mwanamke hana kifua cha kulikandamiza. Kesho yake wao wakinywa chai, bendera zote tisa zilikuwa zimeshasimama, na yeye anaosha toroli.

Pamoja na bomba, mzee alimwachia fimbo fupi ya kusukumia mpira, kuukuu, mpini wake umefungwa utepe wa usukani wa baiskeli. Na hapa ndipo dada yangu alipoharibika. Akishakata shimo, husogea hatua kumi, akaweka mpira chini, akausukuma mara moja. Ukiingia, umeingia. Usipoingia, anauokota, anakwenda shimo linalofuata. Hahesabu, harudii.

"Sasa faida yake nini?" nilimuuliza. "Ukikosa si ungejaribu tena, ujue umekosea wapi?"

"Nikijaribu tena nitakuwa najifunza," akasema. "Mimi sijifunzi, mdogo wangu. Mimi nafurahi."

Nikamwambia furaha ya mpira mmoja ni kama kula tonge moja ukanawa. Akacheka, akasema mbona mimi nikishona gauni silishoni mara mbili.

Kufurahi kwake kulikuwa halali. Mwenyekiti mmoja wa zamani, mtu wa watu, aliwapa wafanyakazi ruhusa ya kucheza tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa moja, kabla wanachama hawajafika. Waliiita saa ya wafanyakazi. Mlinzi alikuwa akipiga mpira kama mtu anayeua nyoka. Mpishi alikuwa akipiga huku akiimba, na akikosa anaanza ubeti mwingine. Fundi wa mashine za kukata majani alikuwa na fimbo moja tu aliyoiunga mwenyewe kwa kuchomelea. Na mbele yao wote, shimo kwa shimo, dada na mpira wake mmoja. Ukimwuliza kuhusu maisha yake, hakutajii mshahara wala nyumba. Anakutajia hiyo saa moja.

Basi akaja mwenyekiti mpya, ambaye nitamwita Mkaguzi, kwa sababu ndivyo kila mtu anavyomwita. Alikuwa mkaguzi wa mizani mpaka alipostaafu. Miaka thelathini aliingia madukani akiweka mawe yake ya kupimia kwenye mizani za watu, na wenye maduka wakimwona wanaanza kutafuta kitambaa cha kujifuta jasho. Mtu mnyoofu, mkavu, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Gofu kwake ni kuhesabu. Ana kadi zake zote tangu siku ya kwanza, miaka ishirini na miwili, zimefungwa kwa mipira ya kubania kwenye sanduku la viatu. Na sikio lake huchorwa na penseli, maana haitoki hapo.

Anayecheza naye kila Jumamosi ni shemeji yake, daktari wa meno, aliyemwoa dada yake mdogo. Huyu kwake gofu ni matembezi ya kupigia soga. Hajawahi kujua amepiga mara ngapi, na akiulizwa anasema, "Tuseme tano," hata kama ni tisa.

"Shemeji," Daktari huwa anasema, "mimi wiki nzima naongea na watu ambao vinywa viko wazi na hawawezi kunijibu. Jumamosi nimekuja kujibiwa. Wewe unanihesabia!"

"Mchezo usiohesabiwa si mchezo," Mkaguzi humjibu. "Nenda barabarani ukatembee bure."

Wamebishana hivyo miaka yote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutafuta mtu mwingine wa kucheza naye. Dada anasema wakigombana sana ndipo wanapocheza vizuri. Mimi sijui, mimi nilikuwa nawaona ni wazee wawili wanaotafuta kimpira kwenye majani.

Lakini uenyekiti ulipomshika Mkaguzi, mambo yakaiva. Siku moja alifika mapema akakuta alama za nyayo kwenye umande, mpishi anaimba, mlinzi anapiga mpira wa tatu mahali pamoja, na hakuna mwenye kadi. Akaandika hoja kwa kamati: saa ya wafanyakazi ifutwe. Sababu yake ilikuwa moja, nayo ilibandikwa kwenye ubao nje ya jiko ambapo kila mtu aliisoma: mfanyakazi anayecheza husahau kazi. Kamati ingekaa Jumamosi mchana kuipigia kura.

Dada aliisoma, akanywa chai yake. Jioni alipita kwangu, akaketi kwenye kiti cha wateja, akanyoosha miguu.

"Miaka kumi na tisa," akasema. "Aniambie ni siku gani nilisahau."

"Si ukamwambie yeye?"

"Nitamwambia. Ataniuliza Jumamosi, nitamwambia." Na nilimwona hana wasiwasi hata chembe. Alikuwa na jibu lake, na jibu lilikuwa zuri.

Sasa mimi nilifikaje pale? Ni bendera. Klabu iliniagiza nishone bendera tisa mpya, nyekundu, pindo mbili, matundu ya kupitishia kamba yamezungushiwa uzi mnene. Kazi yangu siachii watu wengine waifunge ovyo. Jumamosi ile ile, saa kumi na mbili kasoro, nikatokea na furushi langu, nikamwambia dada tunakwenda wote. Akaniangalia viatu, akaniambia nivue visigino.

Tukaenda shimo baada ya shimo. Yeye anakata, mimi nafungua bendera kuukuu na kufunga mpya. Na niseme ukweli, zilipendeza. Kila nilipofunga moja nilirudi nyuma kuitazama, naye ananiambia, "Twende, fundi, hatuko kwenye harusi."

Namba Sita ni fupi, lakini iko juu ya kilima. Mchezaji husimama chini kabisa, anaona ncha ya bendera tu, grini yenyewe haioni. Pale dada alikata shimo jipya, akahamisha kikombe, akasimika bendera yangu, na kile kipande cha udongo akakiweka kwenye toroli ili anyooshe mgongo kwanza. Mimi nikatupa bendera kuukuu kwenye toroli, juu yake. Kisha akachukua fimbo yake.

Sijui kilichompata, siku hiyo hakusogea hatua kumi, alisogea hadi ukingoni, hatua kama ishirini na tano. Akausukuma mpira. Ukapanda kidogo, ukapinda kushoto, ukapinda tena kulia, ukawa unatambaa kama umechoka, na mimi nikajikuta nimeshika kichwa. Ukaingia. Ukalia ndani ya kile kikombe cha chuma, klang! Na mimi, mimi nisiyependa gofu, nikapiga vigelegele hadi mpishi huko nyuma akaitikia bila kujua kuna nini. Dada akatupa fimbo, tukashikana mikono tukazunguka kama wasichana wa shule, na magoti yake yale yale. Kisha akaokota mpira na fimbo yake, tukakimbilia Namba Saba, maana saa ilikuwa inakwenda.

Saa mbili tulikuwa nyuma ya jiko. Tumemaliza yote tisa, tumekunywa chai, dada anaosha toroli. Akainua zile bendera kuukuu. Chini yake kulikuwa na kipande cha udongo chenye majani kichwani.

Hakuuliza ni cha wapi. Anazijua grini zake kama mimi ninavyojua vitambaa. "Namba Sita," akasema, akakinyakua, akaanza kukimbia. Nikamfuata.

Tulipanda kilima kwa nyuma. Bendera yangu ilikuwa imesimama vizuri kwenye shimo lake, na hatua tatu pembeni, shimo la jana lilikuwa wazi, limekodoa jicho. Dada alikuwa amebakiza kama hatua sita kulifikia. Hapo ndipo mpira ulipotokea kutoka chini. Uliruka ukingo wa kilima, ukadunda mara mbili, ukaanza kutambaa kuelekea kwenye bendera. Ukaipita. Ukaingia kwenye shimo la jana. Haukulia chuma, ulidondoka puf kwenye udongo.

Tukasimama. Kutoka chini nilisikia sauti ya Daktari ikipiga soga, na sauti ya magurudumu ya mikokoteni yao ya fimbo. Dada akachungulia kwenye shimo. Mpira ulikuwa na nukta mbili za bluu.

"Wa Mkaguzi," akasema.

Hata mimi ninayejifanya sijui kitu nilijua maana yake. Kutumbukiza kwa mpigo mmoja kutoka mahali pa kuanzia ni jambo ambalo wengine hucheza hadi kufa bila kulipata. Mkaguzi alikuwa na kadi za miaka ishirini na miwili kwenye sanduku la viatu, na hakuna hata moja yenye namba moja.

"Dada," nikamwambia, na sijivunii, lakini nilimwambia. "Uhamishe. Uweke kule kwenye bendera, hatua tatu tu. Ziba hili. Wao wana dakika nne kupanda. Mzee atafurahi hadi kufa, mchana anaingia kwenye kamati anacheka, hoja yenyewe ataisahau. Nani amedhulumiwa hapo?"

Akapiga magoti. Mkono wake ukaingia shimoni. Nikaona kipande cha udongo kiko kwenye mkono wa kushoto, tayari, nikajua amenikubalia. Kisha mkono ukatoka mtupu.

"Umesikia?" nikamwambia. "Ukimwambia ulisahau, umemwandikia hoja yake mwenyewe. Saa yenu inakufa leo. Yako, ya mlinzi, ya mpishi, ya wote."

"Najua."

"Basi?"

"Basi mimi ndiye ninayesema shimo liko wapi," akasema. "Kila siku. Ndiyo kazi yangu. Nikisema uongo leo, kesho nikiweka mpira wangu hatua kumi, nitakuwa nausukuma uende wapi?" Akakiweka kile kipande juu ya majani, kando ya shimo, mahali ambapo kipofu angekiona, akasimama kando yake mikono nyuma. Nilitamani kumzaba kibao. Nilitamani pia kumkumbatia, lakini kibao kilikuwa karibu zaidi.

Mkaguzi alitokea wa kwanza. Akaangaza macho kwenye grini, hakuona mpira. Nikaona anavyobadilika. Mtu yule ambaye hata ngazi huzipanda kwa mpangilio, akatembea haraka, kisha haraka zaidi, hadi kwenye bendera. Akainama. Kikombe kilikuwa kitupu.

"Mzee," dada akasema, "mpira wako uko hapa."

Akaja. Akalitazama shimo, akakitazama kipande, akamtazama dada. Akapiga magoti pole pole na kuuchungulia mpira wake kana kwamba yuko kwenye dirisha la duka lililofungwa.

"Uliingia moja kwa moja?"

"Moja kwa moja. Hakuna aliyeugusa."

"Hatua ngapi kutoka shimoni?"

"Tatu."

Akasimama akapima kwa kiatu chake, kisigino kwa kidole. "Tatu na nusu," akasema. Hata uchungu anaupima, mtu huyu.

Daktari alikuwa amefika, anahema. Alipoelewa akapiga makofi. "Shemeji, andika moja! Shimo ni shimo! Umepiga, umetumbukia, twende tukatangaze!"

"Shimo lisilo na bendera si shimo. Ni kosa la mtu." Akamgeukia dada. "La nani?"

"Langu. Nilisahau kuziba."

"Ulikuwa unacheza?"

"Nilikuwa nacheza."

Akautoa mpira, akauweka juu ya majani pembeni, kama kanuni zao zinavyoruhusu, akausukuma kwenye shimo la kweli. Ukapita kwa upana wa ukucha. Akausukuma tena, ukaingia. Akatoa penseli sikioni, akaandika tatu, akashuka kilima. Daktari alibaki nyuma kidogo.

"Mama Mashimo," akanong'ona, "umeniharibia wiki. Huyu hatafungua kinywa mpaka Jumatano, na mimi vinywa visivyonijibu ninavyo vya kutosha." Dada akakipachika kile kipande, akakikanyaga.

Mchana nilikuwa jikoni, kwenye dirisha dogo wanalopitishia sahani kuelekea ukumbini. Mpishi upande mmoja, mlinzi upande mwingine, fundi wa mashine nyuma yetu. Wote walikuwa wameshajua, na hakuna aliyemlaumu dada kwa maneno. Kamati ilikuwa watu watano, Daktari mmoja wao, Mkaguzi kichwani mwa meza. Akasimulia Namba Sita yote, bila kuongeza wala kupunguza, kisha akaagiza Mama Mashimo aitwe.

Akaingia na magwanda yake ya kazi, udongo magotini. Akasimama wima.

"Ulisahau kuziba kwa sababu ulikuwa unacheza," Mkaguzi akasema. "Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo, mzee. Mpira wangu uliingia kutoka mbali, nikafurahi, nikasahau."

Uzalendo ukanishinda. Nikaingiza kichwa kwenye lile dirisha. "Bendera nilizitupa mimi juu ya kipande! Yeye hakukiona!"

"Nani huyo?"

"Fundi wa bendera," Daktari akasema. "Na pindo zake ni nzuri, nimezikagua."

Mjumbe mmoja akakohoa. "Mwenyekiti, nadhani hoja yako imejithibitisha yenyewe. Tupige kura, tukale."

Mkaguzi hakupiga kura. Alitoa kadi yake ya asubuhi mfukoni, akaigeuza nyuma, akashika penseli.

"Mama, umekata mashimo miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Siku ngapi kwa mwaka?"

"Nikitoa likizo, mia tatu."

"Tisa kwa siku." Akaandika, akazidisha, midomo ikitembea. "Elfu hamsini na moja na mia tatu. Na uliyosahau kuziba?"

"Moja."

"Hilo la leo?"

"Hilo la leo."

"Nani shahidi kwamba ni moja tu?"

"Wewe, mzee," dada akasema. "Umecheza hapa miaka ishirini na miwili. Ungeona la pili ungeliandika."

Daktari alicheka hadi akashika meza. Mkaguzi hakucheka. Aliipigia ile hesabu mstari chini, tena kwa kutumia ukingo wa sahani.

"Nimekagua mizani miaka thelathini," akasema. "Iliyokosea mara moja katika mia, tuliigonga muhuri ikaendelea na kazi. Sijawahi kukutana na iliyokosea mara moja katika elfu hamsini na moja. Na sijawahi kabisa kukutana na iliyojisemea yenyewe." Akaikunja ile kadi. "Niliandika kwamba mfanyakazi anayecheza husahau kazi. Vipimo vinanikatalia. Hoja naiondoa. Ila kuanzia leo, kuziba kwanza, kucheza baadaye."

"Hiyo nimejiwekea tangu saa mbili asubuhi, mzee," dada akasema.

Jikoni mlinzi alinikumbatia mimi badala ya dada, na mpishi akaanza ubeti.

Ingekuwa ni hapo tu, nisingesumbuka kuisimulia. Lakini Jumamosi iliyofuata Mkaguzi alimsimamisha dada njiani, akamuuliza kama anaweza kulikata tena shimo la Namba Sita pale pale lilipokuwa siku ile. Dada akamwambia haiwezekani, kipande bado hakijashika mizizi, kikitobolewa sasa kingo zitabomoka. Asubiri.

Akasubiri. Kila Jumamosi alipita kwa dada na swali lile lile. "Kimeshika?" "Bado, mzee." Wiki tisa. Alikuwa akiuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia mgonjwa.

Wiki ya kumi dada akamwambia, "Jumanne. Ila ni saa ya wafanyakazi. Njoo na fimbo moja na mpira mmoja."

Nilikwenda kushuhudia, na msiniulize kwa nini. Mlinzi alimzuia mwenyekiti wake getini, akamwambia wanachama hawaruhusiwi kabla ya saa moja. Mkaguzi akasimama nje ya geti la klabu anayoiongoza, kofia mkononi, mpaka dada alipotoka kumruhusu. Mlinzi ameisimulia habari hiyo mara nyingi, na kila akiisimulia muda wa kusubiri unaongezeka.

Shimo lilikuwa pale pale. Dada alikuwa amelikata, akaziba la jana, akamwonyesha hata kipande alichozibia ili asitie shaka. Mkaguzi akashuka chini ya kilima, sisi tukabaki juu. Akapiga mpira mmoja. Uliruka juu ya vichwa vyetu, ukatua kwenye mtego wa mchanga ulio nyuma ya grini, ukazama.

Akapanda. Akaingia mchangani, akapiga, mpira haukutoka. Akapiga tena, ukatoka. Akausukuma, ukakosa. Akausukuma tena, ukaingia, ukalia kwenye chuma. Jua lilikuwa limeanza kuchomoza na viatu vyake vyote vimejaa mchanga, na shati limechomoka upande mmoja. Mpishi alikuwa anaimba huko Namba Mbili.

Mkono ukamwenda sikioni, kwenye penseli, ukaishia njiani. Akaushusha.

"Umepata ngapi, mzee?" dada akamuuliza.

"Sikuhesabu," akasema.

Uongo mtupu. Mimi nilikuwa namwona vidole vyake vikijikunja kimoja kimoja pembeni ya suruali kila alipopiga. Dada pia aliviona. Akainama, akautoa mpira wenye nukta za bluu shimoni, akaufuta kwa kanga yake, akampa.

"Mitano, mzee," akasema. "Mimi nimehesabu."

Akachomoa penseli, akaandika.